Nakhumicha Hataki Maiki

Kila Becky alipocheka, Nakhumicha alichelewa kidogo. Si sana. Ni muda tu wa mtu kuangalia meza, kuona meno yamewatoka wenzake, kisha kutoa yake. Miaka tisa walikuwa wakikutana, na yeye aliamini hakuna aliyewahi kugundua.

Jumapili hiyo walikuwa Westlands, ghorofa ya juu ya mkahawa ambao viti vyake vilipendeza kutazamwa kuliko kukaliwa. Chini yao magari yalikuwa yamekwama, honi zikipigana. Walikuwa watatu: Becky, ambaye kazi yake ni kuuza bima na ambaye hangeweza kupanda lifti bila kushuka na namba ya simu ya mtu, Kui, ambaye alikuwa akiolewa, na Nakhumicha, ambaye alikuwa ameenda chooni mara mbili bila haja. Huko chooni alikuwa amesoma tangazo la kunawa mikono mpaka mstari wa mwisho, akavuta pumzi, akarudi. Uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba mara mbili watu hawasemi kitu. Ukienda ya tatu, wanakuuliza umekula nini.

Hakuwachukia. Angewachukia mambo yangekuwa rahisi, angebaki kwake Woodley na kitabu. Aliwapenda. Lakini akikaa nao kuna kitu kilishuka katikati, kama kile kioo cha benki kilicho kati yako na keshia: unamwona, anakuona, midomo inacheza, na sauti inakufikia kupitia tundu dogo.

"Sasa," Becky alisema. "Ruracio ya mahari ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwa kina Kui, Uthiru. Nakhu, wewe ndiye utatuongelea."

"Nitafanya nini?"

"Utaongea kwa niaba ya marafiki. MC amenipea dakika tano. Nimekupea zote."

"Becky, si uongee wewe? Wewe ndio unajua kuongea."

"Ndiyo maana! Mimi nimeongea kila mahali, mpaka mimi mwenyewe nimejichoka." Akacheka. Nakhumicha akafuata. "Aki Nakhu, hii ni kukusaidia. Ukikaa kimya hivyo, watu wa Kibe wanadhani unajiskia, unaringa. Kwani hujui dadake alisema nini?"

Kibe ndiye mchumba. Kui aliinamia kahawa yake. "Wacha hiyo, Becky."

"Alisema, 'Yule rafiki yenu huangalia watu ni kama anawapima sanduku la maiti.'"

Kui alijaribu kujizuia, kahawa ikampitia puani. Nakhumicha naye alicheka, na safari hii hakuchelewa hata kidogo, maana utani ulikuwa mzuri na ulikuwa na ukweli ndani yake. Kazi yake ilikuwa kupanga vitabu vya mazishi.

Kisha Becky akaacha kucheka. "Lakini sitanii. Wasichana wa kusimama na Kui kanisani mwezi wa nane ni wanne. Mtu hawezi kusimama kwa laini ya maids na hawezi kusimama aseme jina lake. Kama huwezi, sema saa hii, tutafute mwingine. Si ubaya."

Nakhumicha alimtazama Kui. Alingoja Kui aseme neno moja tu, hata "wacha" kama ile ya mwanzo. Kui alikuwa akipanguza kahawa kwenye blauzi.

"Sawa," Nakhumicha alisema. "Nitaongea."

*

Duniani kuna njia nyingi za kumkaribisha mgeni. Kwingine hupewa maji, kwingine hupewa kiti chenye mto, na kuna nchi ambako huachwa mlangoni kwanza mpaka mbwa amzoee. Nairobi mgeni hupewa maiki. Kanisani atasimama aseme ametoka wapi na kama ameokoka. Kwenye kamati ya harusi atajitambulisha, kwenye matanga atajitambulisha, kwenye semina ya kazi atajitambulisha na kutaja chakula anachokipenda. Mji mzima umepangwa kwa duara, na duara linazunguka likikujia, na wale waliokwisha kusema wanakutazama kwa utulivu wa watu waliolipa nauli.

Nakhumicha alikutana na duara hilo akiwa na miaka minane. Mamake alikuwa ametoka upande wa Bungoma kuja kupika katika shule moja karibu na Ngong Road, na wakapata chumba cha uani katika nyumba ya zamani ya baraza la jiji, pale Woodley, nyuma ya ua wa kayaba. Jumapili ya kwanza kanisani wageni walisimamishwa. Mamake alisema yake vizuri. Maiki ikashushwa mpaka kwenye mdomo wa mtoto, na mtoto akaiangalia. Aliona matundu madogo ya chuma. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye spika mbili kubwa, huu, huu, ikijaza kanisa. Mwishowe mchungaji akasema "Amina", na watu wote wakacheka kwa upendo.

Cha ajabu, alikumbuka zaidi ule upendo. Kama wangemcheka kwa ubaya angepata la kukasirikia.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na chumba kile cha uani kilikuwa chake. Mamake alikuwa amestaafu akarudi nyumbani. Kila asubuhi Nakhumicha alishuka mjini, akapita kati ya mikokoteni na mabomba ya plastiki ya River Road, akapanda ngazi mpaka kiwanda kidogo cha uchapishaji ghorofa ya pili. Alipokea familia zilizofiwa. Walimletea picha na karatasi za mkono, naye akapanga: kuzaliwa, shule, ndoa, ugonjwa, nyimbo. Wafiwa walimpenda kwa sababu hakuwaongelesha sana.

Katika kazi hiyo alikuwa amegundua jambo. Marehemu wote wa Nairobi walikuwa wachangamfu. Wote walipenda watu, wote walijaza nyumba kicheko. Mara moja tu mwanamume mmoja aitwaye Tobias alimletea wasifu wa kakake ulioandikwa: "Hakupenda makelele. Ukimtembelea alikupikia chai, mkakaa." Nakhumicha aliusoma mara mbili, akaupanga kwa herufi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Jioni shangazi zake Tobias wakapiga simu. Hayo yatolewe, walisema, watu watadhani mtu wetu alikuwa na shida. Aandike mchangamfu. Akaandika mchangamfu. Jambo hilo lilimkera kwa miezi kadhaa, na hakujua amwambie nani.

Hotuba ya Kui aliifanyia mazoezi kazini, saa ya chakula, akiwa amesimama mbele ya rundo la karatasi. Muli, mwendesha mashine, mzee wa Machakos mwenye vidole vilivyoingia wino zamani, alimsikiliza akiwa anatafuna mahindi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ni ruracio, mzee."

"Sasa mbona unasoma kama tunamshusha?"

"Naogopa."

"Kuogopa ni kawaida. Usiangalie watu macho. Mimi kwa harusi ya ndugu yangu nilichagua mzee mmoja mwenye kipara, nikaongelea kipara pekee yake."

"Ikawaje?"

"Akadhani namtafutia ugomvi. Akahama kiti, nikabaki sina mtu."

Nakhumicha alicheka mpaka akakaa chini. Na kati yake na Muli kile kioo cha benki hakikuwahi kushuka. Pengine ni kwa sababu mashine ilikuwa ikinguruma kati yao muda wote, na hakuna aliyetarajiwa kujaza kimya.

*

Boma la mzee Kihara, babake Kui, lilikuwa Uthiru, mahali ambapo mashamba ya zamani yameota vyumba vya kupangisha, lakini mzee alikuwa amebakiza kipande cha nyasi na ng'ombe wawili ili asisahau. Hema tatu zilikuwa zimesimamishwa. Wazee wa upande wa Kibe walikuwa wameshafika na kuzuiwa langoni, wakaimba, wakafunguliwa. Watu walikuwa kama mia moja na hamsini. Nakhumicha aliwahesabu kupitia dirisha la chumba cha kulala, halafu akajilaumu kwa kuwahesabu.

Chumbani mkubwa alikuwa tata Wangeci, shangazi yake Kui, mwanamke wa kifua kipana ambaye alikuwa ameficha mabibi arusi kumi na moja na kujivunia kila mmoja. Maana katika desturi hii mahari haiishii kwa wazee kukubaliana ndani ya nyumba. Bibi arusi na wenzake wa kimo chake hufunikwa leso kutoka utosini mpaka kwenye vifundo vya miguu, wakatolewa nje wamepangwa mstari, na kijana lazima amtambue wake. Akikosea anatozwa faini ya blanketi na kuaibishwa mpaka wajukuu wasikie.

"Hamtacheka, hamtakohoa," tata Wangeci alisema akiwafunga leso. "Mwaka jana mmoja alipiga chafya, kazi yangu yote ikaharibika. Kui, toa viatu."

"Viatu vya nini, tata?"

"Huyo kijana ndiye alikununulia, sivyo? Basi ataangalia viatu. Vaa vya huyu wa Woodley, naye avae vyako."

Becky alikuwa wa tatu kwenye mstari, tayari anatikisika kwa kicheko ndani ya leso. "Nakhu," alinong'ona, "hotuba uko nayo?"

"Niko nayo."

"Usisome kwa karatasi. Inakaa vibaya."

Wakatolewa nje wakiwa wameshikwa mkono kama vipofu. Ndani ya leso mwanga ulikuwa wa rangi ya machungwa na hewa ilinukia kitambaa kipya. Nakhumicha aliona nyasi, na ncha za viatu vya Kui vikiwa miguuni mwake. Vigelegele vilipanda. Akangoja ile baridi ya tumboni, ile anayoijua, ianze kupanda mpaka kooni.

Haikuja.

Alisimama. Kushoto kwake alisikia Kui akipumua, kulia Becky akijizuia. Alikuwa katikati yao mbele ya watu mia na hamsini, na hakuwa na uso wa kupanga. Hakuna aliyetaka atabasamu. Hakuna aliyesubiri acheke. Na kioo, kwa mara ya kwanza, hakikuwepo. Aliwasikia watu wake kwa karibu kabisa, na aliwapenda kwa moyo mweupe, na akashikwa na hasira kidogo kidogo. Maana kumbe inawezekana. Kumbe shida haikuwa watu, wala yeye. Shida ilikuwa ile kazi ya kuonyesha uso kila dakika, kazi ambayo hakuiomba, na ambayo kwa miaka tisa aliifanya bila mapumziko na bado akaitwa mwenye kujiskia.

Kibe alikuwa akipita mbele ya mstari. Shangazi walimzomea. "Huyo si wako! Huyo ni wa jirani!" Hatua zake zilisimama mbele ya kila mmoja, zikarudi, zikasimama tena. Nakhumicha aliona magoti yakikunjwa na kichwa cha Kibe kikishuka kuangalia viatu.

"Ni huyu!" Kibe alisema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Akamshika mkono na kuvuta leso.

Kelele iliyopanda iliwafukuza kuku kutoka chini ya meza za chakula. Tata Wangeci alijitupa chini, akagaagaa kwa furaha. Kibe alibaki ameshika leso, mdomo wazi. Na macho yote, kila jicho lililokuwa Uthiru mchana ule, likamgeukia Nakhumicha.

MC alikuwa kijana aitwaye Sammy, mwenye koti la kung'aa. Alifika kwa mbio. "Wacha! Wacha! Dada, kabla faini, tuambie wewe ni nani, unatoka wapi, na mbona unataka kutuibia bwana!" Akamwekea maiki mdomoni.

Matundu madogo ya chuma. Sasa baridi ilikuja yote kwa pamoja. Nakhumicha alimtazama Sammy, akaitazama maiki, akanyoosha mkono, akachukua leso yake kutoka kwa Kibe. Akajifunika tena kichwa. Akasimama vile vile.

Umati ulipasuka. Watu walipiga meza. Mzee mmoja wa upande wa Kibe alitokwa na machozi akisema huyo apewe mbuzi wake. Wote waliamini ni mchezo bora wa siku, na yeye ndani ya mwanga wake wa machungwa akawasikia wakimshangilia kwa kitu ambacho hakikuwa utani hata chembe.

*

"Umetoboa!" Becky alimkumbatia kando ya hema, baada ya Kibe kujaribu mara ya pili, kumpata Kui na kutajiwa faini yake. "Nilikuambia! Umewamaliza! Sasa hotuba ni rahisi, wameshakupenda. Anza na hiyo ya leso."

"Becky, sikuwa nachekesha."

"Hiyo ndiyo tamu yenyewe! Uso umekauka hivyo!"

Na kabla hajasema lingine, Sammy akaita. "Marafiki wa bibi arusi! Mnamkumbuka yule mwizi wetu? Ndiye huyo! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Nakhumicha alitembea mpaka mbele. Karatasi ilikuwa mfukoni, maneno yote aliyajua kwa moyo, na yalikuwa maneno mazuri: mchangamfu, mpenda watu, kicheko. Alichukua maiki kwa sababu Sammy aliiachilia na ingeanguka. Akasikia pumzi yake kwenye spika, huu, huu. Watu walishaanza kutabasamu, wakimsubiri.

"Nilipewa dakika tano," alisema. Sauti ilitetemeka na aliiacha itetemeke. "Sizitaki. Nimeogopa, hiyo ni kweli. Lakini hata nisingeogopa nisingeongea. Ile ya leso haikuwa mchezo. Mimi ndivyo nilivyo. Kui, nimekuja. Asanteni."

Akamrudishia Sammy maiki.

Safari hii hawakucheka. Mahali fulani kijiko kilianguka. Wazee walitazamana, mmoja akamuuliza mwenzake msichana ametukanwa na nani. Sammy akaomba muziki.

Becky alimfikia nyuma ya tangi la maji. "Umefanya nini? Nakhu, umefanya nini? Mbele ya wakwe!"

"Nimesema ukweli."

"Umetuaibisha! Mimi nakupigania, mimi nakutafutia nafasi, kila plani nakuita..."

"Hujawahi kuniuliza kama nataka."

"Kwani unadhani hatuonangi? Unaenda choo mara mbili mbili, unacheka tukishamaliza? Tunaona, Nakhu! Ndio maana nilitaka utoke huko!"

Hilo lilimchoma kweli. Miaka tisa ya kujificha, kumbe alikuwa amesimama uwanjani. Lakini lilipomaliza kuchoma liliacha nafasi. "Basi kama mnaona," alisema, "sitaenda tena. Nitakaa tu. Na msiponichekesha sitacheka. Mtanivumilia vile mimi nimewavumilia, ama mniache."

"Kwa laini ya maids hauko."

"Hiyo si yako kusema," sauti ilitoka nyuma yao.

Kui alikuwa amefika, ameshika gauni lake lisiburute matopeni, viatu vya Nakhumicha bado miguuni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo ni yangu," alisema. "Na mimi pia nimekasirika, Nakhu. Nilitaka uongee. Siku ile Westlands ningekutetea, lakini nilinyamaza kwa sababu mimi pia nilitaka. Watu wote huniambia vitu. Wewe hujawahi niambia kitu. Mara moja tu, nilitaka kukusikia ukisema kunihusu."

Nakhumicha hakuwa amelitarajia hili. Becky alikuwa rahisi kumkatalia. "Mamako alipolazwa," alisema polepole, "nilikuja siku ngapi?"

Kui alifikiri. "Nne."

"Nilisema nini?"

"Hakuna. Ulikaa tu kwa ile benchi."

"Wengine?"

"Walikuja wakaomba... Wakaongea, wakaenda."

"Mimi maneno yangu ni hayo, Kui. Sina mengine nimeficha mahali. Kama hayakutoshi niambie saa hii, nitaumia na nitaenda. Lakini sitajifunza kuwa Becky ndio nisimame na wewe."

"Kwani Becky ako na nini?" Becky aliuliza.

Upande wa hema mtu alikuwa akitangaza kwamba chakula kiko tayari, wazee kwanza. Kui alipanguza macho kwa kiganja, akaharibu vipodozi alivyokuwa amepakwa kwa saa mbili.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Kasirika."

"Utasimama upande wangu wa kushoto. Na wazee wa Kibe wakikuuliza kitu utawajibu salamu, Nakhu. Salamu tu. Hiyo sikuachii."

"Salamu natoa. Sijawahi kataa salamu."

"Becky?" Kui alisema bila kugeuka.

Becky aliwageukia ng'ombe wa mzee Kihara. "Asimame," alisema. "Lakini sitamtetea tena."

"Asante," Nakhumicha alisema, na alimaanisha.

Wenzake wakatangulia. Angeweza kupitia mlango wa nyuma, achukue mkoba wake chumbani, ashuke mpaka barabarani. Njia ilikuwa wazi na hakuna ambaye angemwona. Badala yake alirudi hemani. Alipita katikati ya meza, na mazungumzo yakapungua kila alipopita, yakaanza tena nyuma yake kwa sauti ya chini. Akajipakulia mukimo na nyama, akatafuta kiti. Kilichobaki kilikuwa cha mstari wa mbele, kinachoangaliana uso kwa uso na wakwe. Akawasalimia wazee mmoja mmoja, akaketi, akaweka sahani magotini.

Walimtazama. Uma uligonga sahani. Hakuyashusha macho. Alikula chakula chote, polepole, huku wakimwangalia, kisha akainuka akaongeza.